Mnara wa Wana wa Maryland

(Maneno haya yalitolewa mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi katika bwalo la shule, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze jambo lolote litakalowafaa vijana, ila nisizidishe nusu saa. Nimechagua kuzungumza juu ya mnara mmoja wa kumbukumbu ya vita ulio mbali sana na hapa, katika jimbo la Maryland, nchini Marekani. Mkinivumilia mpaka mwisho mtaona kwa nini nimezileta habari zake katika bwalo hili.

Kila aliyepita katikati ya Dar es Salaam ameiona Sanamu ya Askari, yule mtu wa shaba aliyeshika bunduki yenye singe. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliotumika upande wao, askari na wapagazi, katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Lakini wako Waafrika wengine waliopigana vita hiyohiyo chini ya bendera ya Wajerumani. Hao hawamo katika kumbukumbu ile. Wala si ajabu. Desturi ya dunia ni kwamba anayeshinda ndiye anayejenga mnara, naye huandika habari za watu wake. Ndiyo maana mnara unaowaheshimu askari wa pande zote mbili, tena juu ya uwanja uleule walikouana, ni kitu adimu. Nilipokuwa masomoni Marekani nilikwenda kuutazama mmoja wa namna hiyo. Ni mwendo wa kama kilomita 110 kutoka Washington, karibu na mji mdogo uitwao Sharpsburg, kando ya kijito cha Antietam.

Kwanza nieleze vita yenyewe. Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa wapatao milioni nne, wote watu weusi, karibu wote katika majimbo ya Kusini. Abraham Lincoln, aliyepinga utumwa usienezwe katika nchi mpya za magharibi, alipochaguliwa kuwa Rais, majimbo ya Kusini yalianza kujitenga, na mwishowe yakafika 11. Serikali ya Muungano ikakataa nchi isigawanywe. Wakapigana tangu 1861 hadi 1865, na watu zaidi ya 600,000 wakafa kwa risasi na kwa maradhi.

Maryland ilikaa katikati kama mtu aliyesimama mlangoni. Lilikuwa jimbo la watumwa, lakini halikujitenga. Hesabu ya watu ya mwaka 1860 ilionyesha kuwa lilikuwa na watumwa wapatao 87,000, na watu weusi huru wapatao 84,000. Weupe wake waligawanyika. Wengine waliingia jeshi la Muungano, wengine walivuka Mto Potomac kwenda kujiunga na Kusini. Tarehe 23 Mei 1862, huko Front Royal katika jimbo la Virginia, Kikosi cha Kwanza cha Maryland cha upande wa Kusini kilikutana uso kwa uso na Kikosi cha Kwanza cha Maryland cha upande wa Muungano. Hata majina ya vikosi yalikuwa yaleyale. Siku ile Kapteni William Goldsborough wa Kusini alimkamata mateka ndugu yake Charles, aliyekuwa upande wa pili. Sisi husema damu nzito kuliko maji, lakini siku ile haikuzuia bunduki.

Miezi minne baadaye vita viliingia Maryland kwenyewe. Jenerali Robert E. Lee wa Kusini alivuka mto kwa matumaini kwamba watu wa Maryland watainuka kumpokea. Wachache tu waliinuka. Tarehe 17 Septemba 1862 alikutana na jeshi la Jenerali George McClellan kando ya Antietam.

Vijana mliokulia shambani mtaielewa siku ile upesi, kwa sababu ilianzia katika shamba la mahindi. Mahindi ya mkulima aitwaye Miller yalikuwa yamekomaa, marefu kupita vichwa vya watu, na askari walifyatuliana risasi humo alfajiri mpaka shamba likalala chini kana kwamba limefyekwa. Kutoka hapo mapigano yakahamia kwenye njia ya mikokoteni iliyochimbika ikawa kama handaki. Tangu siku ile inaitwa Njia ya Damu. Alasiri yakawa kwenye daraja la mawe. Jua lilipotua, watu wapatao 23,000 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Mpaka leo Marekani haijapata siku moja ya vita iliyomwaga damu zaidi ya hiyo.

Wana wa Maryland walikuwa pande zote mbili. Kikosi cha Pili cha Maryland, cha Muungano, kilikuwa miongoni mwa vilivyotangulia kulikimbilia lile daraja, kikapoteza watu wengi kwa dakika chache. Kikosi cha Tano kilipigana penye Njia ya Damu. Na upande wa Kusini palikuwa na wapiga mizinga wa Maryland.

Tena liko jambo moja linalosikitisha. Katikati ya uwanja ule palikuwa na kanisa dogo jeupe lisilo na mnara wa kengele. Lilikuwa la Wakristo wenye asili ya Kijerumani ambao dini yao iliwakataza vita, na iliwakataza pia kumiliki watumwa. Nyumba ya watu waliokataa mambo yote mawili ndiyo iliyotobolewa na mizinga ya pande zote mbili. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Sasa nije kwenye makaburi. Maiti walizikwa kwa haraka mashambani, na baadaye ikaamuliwa kujenga makaburi ya taifa pale Sharpsburg. Mwanzoni lilikuwepo wazo la kuwalaza wa Kaskazini na wa Kusini mahali pamoja. Lakini machungu yalikuwa mabichi bado. Walioomboleza watoto wao walisema hawatakubali mwasi alazwe kando ya mwanao. Makaburi yalipozinduliwa tarehe 17 Septemba 1867, ndani yake walikuwa askari wa Muungano peke yao. Wa Kusini walipelekwa miji mingine, wengi wao Hagerstown, na wengi hawana hata jina. Nafikiri tusiwahukumu haraka watu wale. Ilikuwa miaka mitano tu tangu siku ile, na mama aliyezika mtoto hawezi kuamriwa kusamehe kwa tarehe fulani.

Ilichukua miaka 33 mingine. Tarehe 30 Mei 1900, siku ambayo zamani zile Wamarekani waliweka maua juu ya makaburi ya askari, jimbo la Maryland lilizindua mnara wake juu ya uwanja wa Antietam, karibu na lile kanisa jeupe. Aliyekuja kuuzindua alikuwa Rais William McKinley. Naye hakuwa mgeni wa mahali pale. Alipokuwa kijana wa miaka 19 alikuwa Antietam, sajini wa ugavi katika kikosi cha Ohio, akaendesha gari la farasi chini ya risasi kuwapelekea wenzake kahawa ya moto na chakula. Siku ya uzinduzi alisema kwamba ushujaa wa upande huu na wa upande ule sasa ni urithi wa taifa zima. Wazee wa majeshi yote mawili walimsikiliza.

Mnara wenyewe ni jengo la mawe lenye pande nane, na juu yake imesimama sanamu ya mwanamke. Umeandikwa vikosi vya Maryland vilivyokuwa pale, vya Muungano na vya Kusini. Katika uwanja wote wa Antietam, wenye minara mingi, huo ndio pekee uliowekwa kwa heshima ya watu wa pande zote mbili. Nilipoufikia niliuzunguka mara mbili nikisoma. Maandishi yake yanasema, kwa maana yake, kwamba jimbo la Maryland limeujenga kwa ajili ya wanawe waliojitoa mhanga katika uwanja huu wakitetea itikadi zao.

Ndugu zangu, niseme kwanza lililo jema. Ni jambo kubwa kwa mzazi kusema hadharani, "Hawa wote ni wanangu." Yule kijana wa Baltimore aliyekufa mbele ya daraja, na yule kijana wa Baltimore aliyekuwa nyuma ya mzinga, wote wawili waliacha mama anayelia. Jimbo lilikubali kuwalilia wote. Nchi nyingi zilizopigana zenyewe kwa zenyewe hazijaweza hata hatua hiyo moja, na wajukuu wa walioshindwa bado hawathubutu kutaja kaburi la babu. Mnara ule uliwawezesha watu waliopigana kukaa tena meza moja bila kisasi. Mtu asiwadanganye kwamba hilo ni dogo.

Lakini niliporudi kusoma yale maandishi mara ya pili, neno moja lilinikwama kooni. Itikadi. Itikadi zipi? Mnara hausemi. Askari mmoja alitetea Muungano wa nchi yake. Wa pili alilitumikia jeshi la serikali iliyoundwa ili utumwa usiguswe. Viongozi wa majimbo yaliyojitenga waliyaandika hayo wenyewe bila kuficha. Mnara umeziweka itikadi hizo mbili katika neno moja, kama mchuuzi anayetia njugu na mawe katika kibaba kimoja.

Na ukikaa kimya juu ya sababu, kuna mtu anatoweka. Maryland ilikuwa na mwana wa tatu. Ndiye yule mtumwa, mmoja wa wale 87,000, na yule mweusi huru, mmoja wa wale 84,000. Mnaweza kuniambia kwamba siku ile ya Antietam hakikuwapo kikosi cha askari weusi, na ni kweli, kwa sababu serikali ilikuwa haijaanza kuwaandikisha jeshini kwa wingi. Lakini angalieni kilichofuata. Lee alirudi nyuma, na siku tano baada ya mapigano, tarehe 22 Septemba 1862, Lincoln alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1863 watumwa wote katika sehemu zinazoasi watakuwa huru. Vita vile vikabadilika sura pale pale Antietam.

Watumwa wa Maryland wenyewe hawakuguswa na tangazo lile, maana jimbo lao halikuasi. Wakangoja. Watu weusi wa Maryland zaidi ya 8,000 wakaingia jeshini mara waliporuhusiwa. Mmoja wao alikuwa Christian Fleetwood, mzaliwa wa Baltimore, ambaye tarehe 29 Septemba 1864, karibu na Richmond, aliinyakua bendera ya kikosi chake wenzake waliokuwa wakiibeba walipoanguka, akapewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya taifa lake. Mwaka huohuo wapiga kura wa Maryland waliulizwa kama utumwa uondolewe katika katiba yao. Waliokubali walizidi waliokataa kwa kura 375 tu, na kura za askari waliokuwa vitani ndizo zilizopindua mizani. Tarehe 1 Novemba 1864 watumwa wa Maryland wakawa huru.

Basi mtu mmoja wa Maryland alikuwa ameliona jambo hili mapema. Jina lake Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa katika jimbo lile mwaka 1818, akatoroka Baltimore mwaka 1838, akawa msemaji mkubwa kuliko wote wa watu wake, na wanawe wawili waliingia jeshi la Muungano. Tarehe 30 Mei 1871, kwenye makaburi ya Arlington, alisema hataki chuki juu ya walioshindwa, lakini hatakubali kusahau tofauti kati ya waliopigana ili taifa liishi na waliopigana ili life, kati ya waliotetea uhuru na waliotetea utumwa. Alikufa mwaka 1895. Miaka mitano baadaye, siku ya tarehe ileile aliyosema maneno yake, mnara wa Maryland ulizinduliwa, na tofauti ile haikuandikwa.

Je, kunyamaza kule kulimdhuru mtu? Mwaka 1904, miaka minne tu baada ya uzinduzi, bunge la Maryland lilipitisha sheria ya kuwatenga abiria weusi na weupe katika treni. Sisemi mnara ndio uliotunga sheria ile. Nasema kwamba ndugu wawili weupe walipokumbatiana bila kutaja waligombania nini, ilikuwa rahisi kumsahau aliyekuwa katikati ya ugomvi wao.

Niliondoka uwanjani nikaingia mji wa Sharpsburg wenyewe, na huko nilikuta kumbukumbu nyingine, ambayo haina sanamu. Ni kikanisa kidogo cha magogo kiitwacho Tolson's Chapel. Watu weusi wa mji ule, wengi wao waliotoka utumwani miaka miwili tu kabla, waliweka msingi wake mwaka 1866, na mwaka 1868 wakakifanya darasa. Watu waliokuwa watumwa, na watoto wao, walijifunza kusoma humo, karibu na mashamba waliyolimishwa bila ujira. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilikitambua kuwa mahali pa historia ya taifa zima. Ukiusoma mnara peke yake hujaisoma Antietam yote. Ukisoma na kikanisa, unaanza kuelewa vita vile vilikuwa vya nini. Nawaomba wanafunzi mlizingatie: watu wale, walipotaka kuukumbuka uhuru wao, walijenga shule.

Wako wanaosema mnara wa namna ile uvunjwe. Mimi simo. Wafu wale wawili waachwe pamoja. Wako wengine wanaosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mithali hiyo ni njema, nami naiheshimu, lakini wazee haohao walisema pia mficha maradhi kifo humuumbua. Mithali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inakataza kisasi, na ya pili inakataza uongo. Mganga hawezi kuganga asipoambiwa panapouma. Kuwaheshimu watu wa pande zote mbili ni haki. Kuzifanya sababu za pande zote mbili ziwe sawa ni jambo jingine, na mara nyingi anayelipa gharama yake ni mtu ambaye hakualikwa kwenye sherehe.

Sasa nisogee nyumbani. Wanachama mnajua kwamba Kamati imeleta pendekezo la kuweka jiwe chini ya mwembe, kwa ajili ya kidato cha nne cha mwaka ule wa mgomo. Sifananishi mgomo wa shule na vita vilivyoua watu laki sita. Lakini kipimo cha ukweli ni kilekile kwa jiwe kubwa na jiwe dogo.

Wadogo zetu hawaijui habari hii, kwa hiyo nitaisema kwa maneno machache. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Wapishi watatu waliachishwa kazi kwa sababu walidai mishahara yao ya miezi minne. Kidato cha nne kikagawanyika. Wengine walikataa kuingia darasani mpaka wapishi warudishwe. Wengine waliendelea na masomo, kwa kuwa mtihani ulibakiza wiki chache, na baba zao waliuza ng'ombe ili wafike pale. Watu wa bweni moja hawakusalimiana. Vijana kumi na mmoja walifukuzwa, na baadhi yao hawakupata tena nafasi ya kusoma. Leo wa pande zote mbili ni wazee, wamo humu ndani, na nimefurahi kuona wawili walioketi benchi moja.

Pendekezo la Kamati ni kwamba majina yote ya darasa lile yaandikwe, waliogoma na wasiogoma, na chini yake maneno haya: "Walisimamia waliyoyaamini." Naunga mkono majina yote. Asiachwe hata mmoja, na asiwekewe alama ya kumtenga. Waliobaki darasani hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watoto wa maskini walioogopa kuwarudisha wazazi wao nyuma. Lakini naomba mkutano uongeze mistari miwili. Wa kwanza useme sababu: kwamba wapishi watatu walidai mishahara yao wakaachishwa kazi. Wa pili uwe na majina ya wapishi hao. Karani ameniambia kitabu cha mishahara cha mwaka ule bado kipo, kwa hiyo majina yanapatikana, na watoto wao wako hapahapa kijijini. Walitupikia ugali miaka mingi. Ugomvi wote ule ulikuwa juu yao, na mpaka leo hakuna mahali popote shuleni palipoandikwa kwamba waliwahi kuwapo.

Najua mistari miwili inaongeza gharama ya fundi wa kuchonga. Niko tayari kuichangia, na sitakuwa peke yangu.

Nanyi wanafunzi, nchi yetu na dunia zina minara mingi, na mtaiona mingi kuliko mimi. Kila mkifika mbele ya mmoja, simameni kwa adabu, kwa sababu chini yake kuna watu. Kisha ulizeni mambo matatu: ni nani ameandikwa, walipigania nini, na ni nani ambaye habari yake haiwezi kukamilika bila yeye lakini hayumo. La tatu ndilo gumu, maana jibu lake halikuchongwa. Itawabidi mwende mjini mkaulize.

Mkutano utapiga kura juu ya jiwe hilo baada ya chakula cha mchana. Chakula hicho, kama kawaida, kimepikwa na watu ambao majina yao hayamo katika ratiba mliyopewa. Nawaomba mpite jikoni mkawashukuru kabla ya kurudi humu ndani.